Kioo cheusi: historia fupi ya giza baada ya kubadilisha BIOS

Leo naweka kando habari za hifadhidata na PHP, nataka tuzungumze habari za giza. Simaanishi giza la stima kupotea, hilo sisi watu wa Kabras tulishalizoea: radi ikianza kunguruma upande wa msitu wa Malava, mtu hutafuta tochi kabla hata ya tone la kwanza. Nazungumzia giza la kioo cha laptopu baada ya mtu kuiondoa BIOS iliyokuja na mashine na kuweka BIOS huria mahali pake. Giza hilo lina historia ya zaidi ya miaka 40, na nimegundua kwamba ukiijua historia hiyo, nusu ya matengenezo umeshamaliza.

Ilianza hivi. Jumamosi moja jioni mpwa wangu alifika kwangu na bodaboda kutoka Malava, laptopu ameikumbatia ndani ya gunia la sukari. Hata salamu hakumaliza.

"Khotsa, imekufa," akaniambia.

Huku kwetu mjomba ni khotsa, na khotsa anayejua kompyuta hana Jumamosi. Laptopu yenyewe ni ndogo, ya inchi 12, iliyotengenezwa mwaka 2008, mtumba wa zile zinazoitwa "ex-UK". Baba yake aliinunua kwa malipo ya miwa. Mkulima wa miwa akisoma hapo ameshanielewa: unapanda, unapalilia, unangoja mwaka mmoja na nusu au zaidi ndipo ukate, kisha unangoja tena kulipwa. Laptopu ya miwa haitupwi.

Kijana hakuwa mtundu wa bure. Kadi ya Wi-Fi ilikuwa imeharibika, akanunua nyingine, na BIOS ya awali ikaikataa katakata eti haimo kwenye orodha yake ya kadi zilizoruhusiwa. Rafiki yake wa chuoni mwenye vifaa akamwandikia BIOS huria. Walipobonyeza swichi, feni ikazunguka, taa ya chaji ikawaka, lakini kioo kikabaki cheusi tii. Fundi mmoja akaitazama akasema bodi imekufa, akataja bei ya kuinunua kama spea. Kijana alikuwa karibu kukubali! Alikuwa amebakiza siku tisa akabidhi mradi wake wa mwisho. Kazi yenyewe ilikuwa salama kwenye diski, lakini diski bila mashine ni kama mahindi bila kinu.

Kabla sijawaambia tulichofanya, hebu turudi nyuma kidogo.

Neno BIOS lilianza na Gary Kildall, Mmarekani aliyeandika mfumo wa CP/M katikati ya miaka ya 1970. Alitenga kipande kidogo cha programu cha kuzungumza na vyuma vyenyewe, ili sehemu kubwa ya mfumo isiandikwe upya kila kompyuta mpya inapotokea. IBM ilipozindua PC yake tarehe 12 Agosti 1981 ilifuata njia hiyohiyo, ikaiweka BIOS ndani ya chipu kwenye bodi. Jambo ambalo vijana wengi hawalijui ni kwamba IBM ilichapisha BIOS hiyo, mstari kwa mstari, katika kitabu chake cha ufundi. Kusoma ruhusa, kunakili marufuku.

Washindani wakatafuta njia ya kuzunguka. Compaq, iliyotangaza kompyuta yake mwaka 1982, ilitumia makundi mawili: kundi moja lilichunguza BIOS ya IBM na kueleza inafanya nini, kundi la pili likaandika mpya kutokana na maelezo hayo bila kuuona msimbo wa IBM. Mwaka 1984 Phoenix Technologies ikaanza kuwauzia watengenezaji wengine BIOS iliyoandikwa kwa namna hiyo. Ndipo kompyuta zikashuka bei na kuenea duniani, mpaka mtumba wake ukatufikia sisi. Lakini angalia kilichopotea njiani: BIOS mpya hazikuja na kitabu. Dunia ilipata kompyuta nyingi na maelezo machache.

Na picha je? Kwenye PC ya kwanza, BIOS kubwa yenyewe ndiyo iliyojua kuwasha skrini. Mwaka huohuo wa 1984 IBM ilitoa kadi ya picha ya EGA, na kadi hiyo ilikuja na chipu yake yenye programu yake. Utaratibu ukawa hivi: BIOS kubwa ikiamka, inapekua sehemu fulani za kumbukumbu ikitafuta alama ya baiti mbili, 55 na AA. Ikiiona, inajua hapa kuna programu ya mgeni, inamkabidhi usukani. Kwa kadi za picha mahali penyewe ni anwani C0000. VGA ilipokuja mwaka 1987 utaratibu uliendelea, na kila kampuni ya kadi ikawa na programu yake ya picha, imefungwa, haina kitabu.

Ni kama mwenye nyumba asiyejua kuwasha karabai yake mwenyewe. Kila jioni anamwita jirani, jirani anaingia chumbani, anafunga mlango, karabai inawaka. Mwenye nyumba anashukuru, maisha yanaendelea, na hakuna aliyeona jirani alifanyaje. Siku jirani akihama ndipo utajua.

Kwenye laptopu mambo yakawa magumu zaidi. Kioo cha laptopu hakina akili nyingi kama monita ya mezani. Ni lazima kipewe umeme kwanza, kisha usubiri milisekunde kadhaa, kisha upeleke mawimbi ya picha, kisha usubiri tena, kisha ndipo uwashe taa ya nyuma ya kioo. Wakati wa kuzima unafuata mpangilio huo kinyumenyume. Ukikosea, kioo kinakataa, au kinawaka vibaya. Kioo chenyewe hujitambulisha kwa kijitabu kidogo cha baiti 128 kinachoitwa EDID, kilichowekwa kuwa kawaida mwaka 1994: mimi ni fulani, upana wangu huu, urefu wangu huu, kasi yangu hii. Lakini EDID haisemi kila kitu. Muda wa kusubiri, na namna ya kuendesha taa ya nyuma, vilibaki kwenye jedwali ndani ya ile programu ya jirani. Na kwenye laptopu jirani hakai tena kwenye kadi yake, anaishi ndani ya chipu ileile ya BIOS kubwa. Unapofuta BIOS ya zamani, umemfukuza na jirani pia. Umeona shida inakotokea?

Sasa twende Marekani, kwenye maabara ya taifa ya Los Alamos, mwaka 1999. Ron Minnich na wenzake walikuwa na makundi makubwa ya kompyuta zinazofanya hesabu kwa pamoja. BIOS za kawaida ziliwachosha. Mashine moja ikikosa kibodi inasimama na kungoja mtu abonyeze kitufe, tena kwenye kibodi hiyohiyo isiyokuwepo! Hebu fikiria uzunguke mamia ya mashine kwa ajili hiyo. Wakaamua kuiondoa BIOS na kuweka programu ndogo inayoamsha vyuma haraka kisha inaipisha Linux. Wakaiita LinuxBIOS. Mashine iliweza kufika kwenye Linux kwa sekunde tatu hivi.

Hapa ndipo penye kiini cha habari yangu ya leo. Mashine zile hazikuwa na skrini. Wahandisi walizisoma kupitia waya wa bandari ya mfululizo, maandishi matupu yakitiririka. Femwea huria ilizaliwa kwenye vyumba ambavyo hakuna mtu aliyehitaji kioo, kwa hiyo kuwasha kioo kulikuwa jambo la mwisho kwenye orodha. Mtu akiniuliza kwa nini mradi wenye akili kiasi hicho unaweza kukuachia giza, namwambia: mtoto huyu alilelewa gizani, na macho yake yalijifunza baadaye.

Kwenye laptopu za kwetu Afrika Mashariki, femwea ya wazi ilifika kwa wingi kupitia watoto wa shule. Mradi wa One Laptop per Child ulionyesha laptopu yake ya kijani mjini Tunis mwezi Novemba 2005, na utengenezaji mkubwa ukaanza mwaka 2007. Bodi za majaribio za laptopu hiyo, XO, zilitumia LinuxBIOS, kisha mashine zenyewe zikatoka na Open Firmware ya Mitch Bradley, ambayo msimbo wake nao uko wazi. Kioo chake cha inchi 7.5 kilibuniwa na Mary Lou Jepsen, nukta 1200 kwa 900, kikasomeka hata juani. Rwanda ilizigawa kwa wingi kuliko nchi yoyote ya eneo letu, zaidi ya 200,000 kwa jumla. Mafunzo yake kwangu ni haya: waliotengeneza kioo na walioandika femwea walikuwa mradi mmoja. Jirani hakuwa na mlango wa kufunga, siri haikuwepo, na taa iliwaka kwa msimbo ambao mtu yeyote angeweza kuusoma.

Laptopu za ofisini zilikuwa jambo jingine. Mwezi Januari 2008 LinuxBIOS ilibadilishwa jina ikawa coreboot, kwa sababu sasa iliweza kuamsha mifumo mingine na si Linux peke yake. Kwa muda mrefu dawa ya kioo ilikuwa kumrudisha jirani: kabla ya kufuta, unaitoa ile programu ya picha kutoka BIOS ya zamani, halafu unaibandika ndani ya coreboot. Ilifanya kazi. Lakini walioitaka mashine huria kabisa hawakuridhika, kwa maana ndani ya nyumba yao bado alikuwemo mtu asiyejulikana.

Kilichofungua njia ni madreva ya Linux. Intel ilikuwa ikiandika madreva ya wazi ya chipu zake za picha, na mwaka 2008 ikaanza kuchapisha hadharani vitabu vya chipu hizo. Basi watu wakasoma vitabu, wakasoma dreva, wakachungulia namba ambazo programu ya siri iliziandika kwenye rejista za chipu, wakaanza kuandika uwashaji wao wenyewe. ThinkPad X60, laptopu ya mwaka 2006, ilipata coreboot mwaka 2011, na kufikia 2013 kioo chake kiliweza kuwashwa bila programu ya siri. Mwezi Desemba 2013 laptopu hiyo ikiwa na femwea huria, iliyokuwa ikiuzwa na Leah Rowe wa Uingereza, ilipata cheti cha Free Software Foundation, na hapo ndipo mradi wa Libreboot ulipoanza. Jamii ya chipu za GM45, zile za laptopu za mwaka 2008 kama ya mpwa wangu, ikafuata mwaka 2014. Mwaka 2016 Nico Huber wa Ujerumani akaleta maktaba ya libgfxinit, iliyoandikwa kwa SPARK, lugha ya jamii ya Ada inayotumika pale ambapo kosa halisameheki, ikashughulikia vizazi vingi vya chipu za Intel kwa mara moja.

Si kila mtu aliokolewa. ThinkPad T60 ziko za aina mbili: zenye picha za Intel na zenye picha za ATI. Kwa nje ni pacha. Lakini ya ATI bila programu yake ya siri haiwashi kioo, ndiyo maana Libreboot haikuikubali. Mtu aliyenunua mtumba bila kuuliza alijikuta na T60 isiyofaa kwa kazi hiyo. Hata kwa zile za Intel ilibidi watu waandike orodha ya vioo vinavyokubali na vinavyokataa.

Upande wa pili, Google ilichukua coreboot kwa ajili ya Chromebook zake, na kuanzia mwaka 2012 zikatoka kiwandani nayo. Kama umewahi kushika Chromebook, uwezekano ni mkubwa kwamba umeshika coreboot bila kujua.

Haya, turudi Kabras. Baada ya historia hiyo nadhani mnaona kwa nini sikuamini habari ya bodi kufa. Giza si la aina moja. Mimi huligawa mara tano, na kila aina inatoka kwenye ukurasa wake wa historia.

Giza la kwanza: picha ipo, taa ya nyuma haijawaka. Ingia chumba chenye giza, mulika kioo kwa tochi ya simu kwa pembeni. Ukiona maandishi hafifu kama kivuli, mashine ni nzima, kasoro ni taa tu.

Giza la pili: taa ya nyuma imewaka, kioo ni kijivu kisicho na kitu. Hapo femwea imeshindwa kukitambua kioo. Huenda waya wa kioo umelegea na EDID haisomeki, au kioo hicho hakikubaliki.

Giza la tatu: kimya mwanzoni, kisha baada ya nusu dakika picha inatokea yenyewe. Hii hata si ugonjwa. Femwea haikuwekewa uwashaji wa picha, na dreva ya Linux ndiyo iliyokuja kuwasha. Ni watu wangapi wamezima mashine sekunde ya kumi na kuitangaza maiti!

Giza la nne: mwanzoni unaona picha, halafu ukianza kusakinisha mfumo kioo kinazimika. Femwea yako imeweka skrini katika hali ya picha, na programu ya kusakinisha inaomba hali ya kale ya maandishi ya VGA, ile ya akina 1987, ambayo jirani ndiye aliyekuwa akiitoa. Tafuta programu ya kusakinisha isiyoihitaji, au ijenge femwea upya kwa hali ya maandishi.

Giza la tano: hakuna dalili yoyote ya uhai, taa ya herufi kubwa haibadiliki ukiibonyeza, monita ya nje haioni kitu hata ukingoja dakika tano. Hapo ndipo useme uandishi wa chipu uliharibika, na urudishe nakala ya BIOS ya zamani.

Tulianza na taa ya herufi kubwa. Tulingoja dakika moja, nikabonyeza, ikawaka. Nikabonyeza tena, ikazimika. Mpwa wangu akanitazama. Maiti haijibu salamu. Tukazima taa za nyumba, nikamulika kioo kwa tochi, na pale pembeni, hafifu kama maandishi ya penseli iliyofutwa, tukaliona jina lake kwenye ukurasa wa kuingilia wa Linux. Giza la kwanza! Kijana alikaa kitini akashusha pumzi.

Nikamuuliza kama kioo kiliwahi kubadilishwa. Ndiyo, mwaka uliopita kilipasuka, akawekewa kingine cha mtumba. Basi hapo ndipo penye fundo. Taa ya nyuma haiwashwi moja kwa moja kama balbu ya sebuleni, inawashwa na kuzimwa mara nyingi sana kwa sekunde, na jicho linaona mwanga mmoja. Ukipunguza mwangaza, unafupisha muda wa kuwaka katika kila mzunguko. Kila kioo kina kasi yake kinayoipenda. Ukikipa nyingine kinaweza kukataa, kumetameta au kutoa mlio mwembamba wa kuudhi kama mbu. Walioandika femwea hizi kwa GM45 waliweka orodha ya majina ya vioo na kasi ya kila kimoja, jina likisomwa kutoka EDID. Kioo kisichokuwemo kwenye orodha hupewa kasi ya jumla. Kioo cha mtumba cha mpwa wangu hakikuipenda.

Kwa nini Linux haikusahihisha? Kwa sababu dreva ya Intel kwenye chipu hizi huichukua kasi ilivyoachwa na femwea. Inadhani aliyetangulia alijua anachofanya. Kwa hiyo kosa dogo la sekunde ya kwanza linabaki mpaka unazima mashine.

Tuliunganisha monita ya zamani kwenye tundu la VGA, picha ikaja safi. Kisha tukatumia programu ya intel_reg, iliyo kwenye kifurushi cha intel-gpu-tools, kusoma rejista 0x61254. Ni namba moja yenye nusu mbili: nusu ya kushoto ndiyo urefu wa kila mzunguko, nusu ya kulia ni muda wa taa kuwaka ndani ya mzunguko huo. Nusu zikilingana, mwangaza ni kamili. Tukaanza na namba ambayo watu wa Libreboot waliitumia kwa mashine za jamii hii, 0x60016001. Mpwa wangu aliandika amri, mimi nikiangalia kioo. Akabonyeza kitufe.

Kioo kikawaka.

Sitawadanganya kwamba sikupiga kelele. Majirani watakuwa walidhani Kabras imefunga trai. Baadaye tuliiweka amri hiyo ijiendeshe kila mashine inapoamka, na siku za utulivu tutajenga femwea yenye kasi ya kioo chake ndani yake. Mradi aliukabidhi siku moja kabla.

Sasa maneno machache ya tahadhari kwa atakayetamani kufanya kama yeye. Kwanza, kabla hujaandika chochote, soma chipu mara mbili au tatu na ulinganishe nakala. Zikitofautiana, klipu haijashika vizuri. Weka nakala hiyo mahali pawili, kwa sababu ndani yake mna jirani, na siku moja unaweza kumhitaji. Pili, angalia kifaa cha kuandikia. Chipu hizi hutumia volti 3.3, na baadhi ya vile vifaa vyeusi vya bei rahisi vya CH341A hupeleka volti 5 kwenye nyaya za data. Tatu, usiandike chipu huku mawingu ya mchana yakikusanyika ukitegemea stima ya ukutani. Tumia kompyuta yenye betri nzima. Nne, kabla ya kununua mtumba uliza ni chipu gani ya picha iliyo ndani. Swali hilo halina gharama, T60 ya ATI inayo. Na ukikwama, endesha amri ya cbmem -c kupitia monita ya nje au mtandao. Itakuonyesha femwea yako ilisema nini ilipokuwa ikiamka, yale maandishi matupu ya Los Alamos yaliyokuwa yakipita kwenye waya.

Mwisho niseme hili. Mwezi Desemba 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulituletea Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili, na wengi wetu tulilizoea neno "huria" kwa kompyuta kupitia kazi za namna hiyo. Nilifurahi sana, na ninafurahi hadi leo. Lakini kutafsiri menyu ni kupaka rangi ukuta wa juu. Chini yake kuna tabaka lingine, na chini kabisa kuna chipu ndogo inayoamua kadi gani ya Wi-Fi utumie na kama kioo chako kitawaka. Tabaka hilo halijui Kiswahili wala Kiingereza, linajua aliye na msimbo na asiye nao.

Sisi tunaishi kwa mashine ambazo wengine wamezimaliza. Windows 10 ilipofikisha mwisho wa msaada wake tarehe 14 Oktoba 2025, laptopu nyingi nzima zilihesabiwa kuwa za zamani, na nyingi zitatufikia huku zikiwa na vioo vilivyobadilishwa na betri zilizochoka. Tofauti kati ya spea na mashine haitakuwa pesa. Itakuwa ni kama kuna mtu kijijini anayejua kwamba kioo cheusi ni swali, na kwamba majibu yake yalishaandikwa na watu waliokataa kumfungia mwenye nyumba mlango.

Yule fundi nilimpitia wiki iliyofuata, nikamwonyesha jaribio la tochi. Alicheka, akaitoa mashine nyingine nyeusi chini ya meza akaniambia, "Haya, hebu na hii." Hiyo ilikuwa giza la tatu. Tulingoja nusu dakika tu.

Mulembe, na msizime kabla ya kuhesabu hadi sitini!